Shajara ya mradi: kijitabu cha matumbo ya wanyama wanaocheua

3 Februari

Idara imekubali. Nitaandika kijitabu cha Kiswahili kuhusu matumbo ya wanyama wanaocheua, kwa wanafunzi wetu wa astashahada ya mifugo. Kurasa zisizidi 40, na michoro iwe mingi kuliko maneno. Sharti nililojiwekea mwenyewe ni kwamba kisije kikawa yale madokezo ya darasani tunayoyajua sote: vyumba vinne vya tumbo, yaani rumeni (kile kikubwa cha kuchachushia), retikulamu, omasamu, abomasamu (tumbo la kweli), taja kazi za kila moja, alama nane. Nitakijenga juu ya kazi ya mtafiti mmoja, Reinhold Hofmann. Huyu aliwapasua wanyama wa Afrika Mashariki mmoja baada ya mwingine, na mabishano aliyoyaanzisha bado hayajesha, ilhali kijana anasoma mifugo hapa Arusha mpaka anahitimu bila kulisikia jina lake.

Mchoraji nimempata, kijana aliyepita mikononi mwangu chuoni na sasa anachora mabango ya maduka. Malipo tutaelewana.

9 Februari

Wiki nzima ni kusoma tu.

Hofmann alikuwa Mjerumani, daktari wa mifugo aliyebobea katika anatomia. Miaka ya 1960 alikuwa anafundisha Nairobi, wakati chuo kile kilipokuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki, kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Vitabu vya anatomia alivyokuja navyo vilikuwa vya Ulaya, na tumbo la mnyama anayecheua ndani ya vitabu hivyo lilikuwa la ng'ombe, basi. Kondoo alipewa aya chache. Lakini nje ya dirisha la maabara yake walikuwepo twiga, nyati, digidigi, swala twiga, pofu, nyumbu, kuro, tandala. Wote wanacheua. Je, wote wana tumbo la ng'ombe lililopunguzwa au kuongezwa ukubwa? Hakuna aliyekuwa amekaa chini kulijibu swali hilo kwa kisu na rula, akaenda mnyama kwa mnyama.

Yeye alikaa. Alipima ujazo wa kila chumba, akahesabu papila, vile vijinyama vidogo vilivyosimama, kwenye kila sentimita ya mraba ya ukuta wa rumeni, akapima urefu wake, akazipima tezi za mate kwa uzito, akachora. Upande wa chakula alishirikiana na D.R.M. Stewart, aliyekuwa stadi wa kutambua mimea iliyoliwa kwa kuangalia mabaki ya ngozi ya majani kwa hadubini. Mwaka 1972 wawili hao wakachapisha mgawanyo wao. Kundi la kwanza ni wateuzi, wanaochagua majani laini ya miti, machipukizi na matunda: twiga, digidigi, tandala, swala twiga, pongo. Kundi la pili ni wala nyasi: nyati, nyumbu, kongoni, kuro, choroa. Katikati wapo wanaobadilika kufuatana na msimu: swala pala, swala tomi, swala granti, pofu. Mwaka 1973 kikatoka kitabu chenyewe kuhusu tumbo la wanyama wanaocheua wa Afrika Mashariki, kikichapwa Nairobi na East African Literature Bureau, shirika la Jumuiya ile ya zamani iliyovunjika mwaka 1977.

Nakala niliyoazima imechakaa mgongo, na kuna mtu amepiga mistari kwa kalamu ya wino mwekundu. Michoro yake ni kazi ya kutisha kwa uzuri. Siwezi kuinakili kwa sababu ya haki za mchapishaji, na hata ningeruhusiwa nisingetaka. Tutachora matumbo tuliyoyafungua wenyewe.

12 Februari

Uamuzi: wanyamapori hatuwagusi. Utafiti wa wanyamapori una taratibu zake na vibali vyake, na kijitabu cha darasani hakistahili kumchinjisha digidigi. Tutatumia mbuzi, kondoo na ng'ombe wa machinjioni. Kwa wanyama wa porini tutaeleza alichokiona Hofmann.

Bahati nzuri ni kwamba mifugo yetu mitatu inatosha kuonyesha jambo lenyewe. Kwa Hofmann, ng'ombe na kondoo ni wala nyasi, na mbuzi ni wa kundi la kati. Mbuzi na kondoo wanafugwa zizi moja, wanatofautiana kidogo tu kwa umbo, mnunuzi mgeni anaweza hata kubambikiwa mmoja badala ya mwingine. Kama mgawanyo una ukweli wowote, uonekane hapo.

17 Februari

Machinjioni alfajiri. Kikwazo cha kwanza wala si cha kisayansi: utumbo una wenyewe. Mama lishe wanausubiri mlangoni kwa ajili ya supu, na wanautaka mzima, haujachanwachanwa na mwalimu mwenye wembe. Nimezungumza na mzee anayesimamia upande wa mbuzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Leo unataka matumbo ya nani?"

"Mbuzi na kondoo. Lakini nataka kuyafungua kabla hayajaoshwa."

Alinitazama kama mtu aliyeomba kununua mavi, na kwa kweli ndicho nilichokuwa naomba. Tukakubaliana: nanunua kwa bei ya utumbo safi, naupata mchafu, na kuosha ni juu yangu. Mkaguzi wa nyama hana neno mradi ameshamaliza kazi yake na nisiwazuilie njia wanaobeba.

Mzee ana ujuzi ambao sikuutegemea. Alimminya mbuzi mmoja tumbo kwa kiganja akaniambia huyu katoka porini kwenye migunga, yule mwingine kalishwa nyumbani. Tulipofungua, rumeni ya yule wa kwanza ilikuwa na maganda ya mgunga na majani madogo madogo, yamechanganyika na maji kuwa uji mmoja kuanzia juu hadi chini. Nimemuuliza amejuaje. "Linavyorudi mkononi," alisema, akaendelea na kazi.

18 Februari

Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Meza ya maabara, rumeni mbili zimefunguliwa na kuoshwa taratibu kwa maji ya ndoo: ya mbuzi kushoto, ya kondoo kulia. Nimekata dirisha la sentimita moja kwa moja kwenye kipande cha boksi, na mchoraji analisogeza ukutani mwa rumeni huku mimi nikihesabu papila kwa ncha ya sindano.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuzitazama kwa karibu: papila ni vile vijinyama vilivyosimama ndani ya ukuta wa rumeni, vinavyoufanya uwe na manyoya manyoya. Vingine ni bapa kama kijilimi, vingine vyembamba. Kazi yake ni kunyonya. Bakteria na vijidudu wengine wanachachusha nyasi na majani ndani ya rumeni na kutoa asidi, hasa asetiki, propioniki na butiriki, na asidi hizo ndizo zinazompa mnyama sehemu kubwa ya nguvu anayoitumia. Zinaingia kwenye damu kupitia ukuta huu. Penye papila nyingi na ndefu, eneo la kunyonya linaongezeka mara kadhaa.

Sasa, ukuta wa chini ulikuwa na papila tele kwa wote wawili. Tofauti ilikuwa darini, ukuta wa juu. Kwa kondoo, papila za darini zimepungua mpaka kuwa vidutu ambavyo unavihisi kwa kidole kuliko kuviona. Kwa mbuzi zilikuwepo, fupi, chache kuliko za chini, lakini zimesimama.

Maelezo ya Hofmann kuhusu jambo hili ni mepesi, na nadhani ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika kazi yake. Nyasi zinapoingia kwenye rumeni hazizami upesi. Zinaelea na kufungamana kuwa tabaka zito, juu yake gesi, chini yake maji. Ukuta wa darini unakaa kwenye gesi na nyasi kavu, hapana cha kunyonya pale, kwa hiyo papila hazina kazi. Majani ya miti hayafanyi tabaka la namna hiyo. Yanavunjika vipande vipande, yanachanganyika na maji, na asidi zinagusa kila upande wa rumeni. Ndiyo maana twiga ana papila kila mahali hadi darini, nyati darini kwake ni kutupu, na swala pala yuko katikati. Na ndiyo maana yule mbuzi wa migunga alikuwa na uji.

Baada ya hapo omasamu. Ya ng'ombe tuliyochukua jana inajaa mikono miwili, majani yake ya ndani, yaani mikunjo ya nyama iliyo kama kurasa za kitabu, yamepangana sana na katikati yake mna chakula kilichokauka kabisa. Ya mbuzi inakaa kiganjani, ndogo hata kuliko retikulamu yake. Kwa ng'ombe ni kinyume, omasamu inaizidi retikulamu. Lakini kondoo naye, mla nyasi, ana omasamu ndogo kuliko retikulamu. Mchoraji aliliona hilo kabla yangu na kuniuliza: kama kondoo yuko kundi moja na ng'ombe, mbona chumba hiki kinamweka na mbuzi?

Sikumjibu papo hapo. Nimeliandika swali lake kwenye ukuta wa maabara kwa chaki, maana ndilo waliloulizana wataalamu kwa miaka mingi.

26 Februari

Nimepotelea pembeni kidogo, lakini pembeni kwenye faida.

Kabla ya Hofmann kulikuwa na Robert Hungate, Mmarekani aliyeanza na vijidudu vya tumboni mwa mchwa kisha akahamia kwa ng'ombe. Bakteria wa rumeni wanakufa wakiguswa na hewa ya oksijeni, na ndiyo maana watafiti walihangaika sana kuwaotesha. Hungate alibuni njia ya kuwaotesha ndani ya neli iliyojazwa gesi isiyo na oksijeni, iliyofungwa kizibo na kuviringishwa hadi chakula cha bakteria kigande ukutani. Mpaka leo maabara nyingi zinatumia njia zilizotokana na hiyo.

Kinachotuhusu ni kwamba mwaka 1959 yeye na wenzake, mmojawapo G.D. Phillips aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, walichapisha vipimo vya uchachukaji tumboni mwa wanyama wa Afrika Mashariki, wa kufugwa na wa porini. Walikuta kwamba kwa wanyama wadogo uchachukaji huenda kasi zaidi ukilinganisha na uzito wa mwili. Hiyo ni miaka kumi na kitu kabla ya kitabu cha Hofmann, na tayari kuna mtu anasema: kabla ya kuangalia anakula nini, angalia ana ukubwa gani. Ikae hapo, itarudi.

5 Machi

Imerudi.

Mwaka 1989 Hofmann alichapisha makala kubwa iliyoupanua mgawanyo wake kwa wanyama wanaocheua wa dunia nzima. Ndiyo iliyomfanya asomwe kila mahali. Humo hakuishia kwenye alichokiona, alieleza na jinsi mwili unavyofanya kazi. Wateuzi, alisema, wana tezi kubwa za mate kwa sababu wanatoa mate mengi. Chakula chao kinapita rumeni upesi. Sehemu ya virutubisho inaikwepa rumeni kabisa na kuteremka kwenye mfereji wa retikulamu moja kwa moja hadi tumbo la kweli. Nyuzinyuzi hawazimeng'enyi vizuri kama wala nyasi.

Wakaja wapimaji. Mwaka 1994 Iain Gordon na Andrew Illius walichukua takwimu za wanyama wanaocheua wa Afrika, wakaondoa athari ya uzito wa mwili, na tofauti kati ya wala majani (wale wateuzi wa Hofmann) na wala nyasi ikabaki ndogo sana. Swala mdogo anachachusha upesi kwa sababu ni mdogo. Mwaka uliofuata Robbins, Spalinger na van Hoven wakapima mate yenyewe na umeng'enyaji wenyewe. Tezi za wala majani ni kubwa kweli, lakini mate yatokayo si lazima yawe mengi zaidi. Nyuzinyuzi wanazimeng'enya sawa na wenzao.

Nimesoma makala zote hizi mfululizo, na maoni yangu ni haya. Wanafunzi wetu wamezoea kuambiwa nadharia fulani "imepingwa", na wao wanaelewa kwamba mwenye nadharia alikuwa mwongo. Hofmann hakuwahi kupima mtiririko wa mate ya tandala aliye hai. Alipima tezi. Tezi alizipima sawasawa, na waliokuja kumpinga walizikuta vilevile alivyosema. Kilichoanguka ni daraja alilojenga kutoka kwenye ukubwa wa tezi kwenda kwenye wingi wa mate. Mwanaanatomia anaona umbo, anakisia kazi, na kukisia huko kunamwandama kwa sababu umbo liko wazi mno mbele ya macho.

Kwa hiyo muundo wa kijitabu unabadilika. Kila ukurasa wa mchoro utakuwa na sehemu mbili: juu kinachoonekana, chini kinachodhaniwa, na mstari mnene katikati. Nimekifuta kichwa cha sura ya tatu, "Tumbo linavyosema mnyama anakula nini".

6 Machi

Nyongeza ya jana, kwa sababu swali la mchoraji lina jibu, walau nusu.

Kundi la Marcus Clauss wa Zurich na Jürgen Hummel wa Ujerumani limeendelea na kazi hii tangu miaka ya 2000, na kwenye baadhi ya makala zao, ikiwemo ya mwaka 2008 kuhusu tezi za mate, Hofmann mwenyewe ni mwandishi mwenzao. Nimependa hilo. Vipimo vyake vya miaka mingi viliingizwa kwenye hesabu mpya na yeye akiwemo.

Wao wanaweka mkazo kwenye maji. Ng'ombe na jamaa zake wanapitisha maji mengi kwenye rumeni, upesi kuliko chakula kigumu. Maji hayo yanawazoa bakteria na kuwateremsha chini, ambako wanameng'enywa na kuwa protini ya mnyama. Lakini maji yote hayo yakifika tumbo la kweli yataizimua asidi yake, kwa hiyo lazima yanyonywe njiani. Kazi hiyo ni ya omasamu. Ng'ombe anayepitisha maji mengi sana anahitaji omasamu kubwa sana, na ndiyo maana katikati ya majani yake tulikuta pakavu. Kwa mate ya wala majani wanapendekeza kwamba tezi kubwa zinaendana na mate mazito yenye protini za kukabiliana na tanini, kemikali chungu iliyomo kwenye majani ya miti, si lazima mate mengi.

Hivyo wala nyasi hawako sawa wote, na kondoo si ng'ombe mdogo. Mchoraji kaambiwa. Kasema basi makundi yawe manne. Nimemwambia yawe mstari mmoja mrefu, kila mnyama na mahali pake.

11 Machi

Umeme umekatika tangu juzi. Sampuli zilizokuwa kwenye friji zimehamishiwa kwenye formalini, harufu imehamia ofisini.

19 Machi

Ukurasa wa Maloiy umekamilika. Geoffrey Maloiy wa Kenya aliingia kwenye fiziolojia ya wanyama wa nchi kame kutokea upande mwingine, wa maji na joto: punda, ngamia, digidigi. Baadaye, pamoja na Edgar Clemens, alipima yaliyomo tumboni na utumboni mwa tembo, kifaru na kiboko, makala iliyotoka mwaka 1982. Tembo na kifaru hawacheui, wanachachusha chakula nyuma, kwenye utumbo mpana. Kiboko anachachusha mbele, ana tumbo lenye vyumba, lakini hacheui. Ukurasa huu nimeuweka makusudi, mwanafunzi asidhani kuchachusha na kucheua ni jambo moja.

Ngamia pia amepata nusu ukurasa. Anacheua, lakini tumbo lake lina vyumba vitatu na halina omasamu iliyo dhahiri. Vile vijifuko ukutani mwa tumbo lake watu waliviita ghala la maji kwa karne nyingi, hadi Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walipokwenda jangwani Algeria miaka ya 1950 na kuonyesha kwamba ghala hilo halipo.

2 Aprili

Ubishi na mchoraji kuhusu rangi. Anataka rumeni iwe waridi kama kwenye mabango ya kampuni za dawa. Rumeni ya mnyama mla nyasi ni kahawia iliyokolea, karibu na kijani cheusi, kwa sababu tabaka la juu la ukuta limekuwa gumu na kupata rangi ya chakula. Ya ndama anayenyonya ndiyo iliyopauka. Nimempeleka machinjioni tena akajionee. Amekubali kahawia, ila kwa masharti kwamba jalada aachiwe yeye.

14 Aprili

Mvua za masika zimekolea, na hii inafungua sehemu ya mwisho.

Jambo moja la Hofmann ambalo halijayumbishwa na mabishano: papila zinabadilika na msimu. Aliona kwamba chakula kikiwa hafifu wakati wa kiangazi papila zinasinyaa, kikirudi kuwa kizuri zinakua tena, hasa kwa wanyama wa kundi la kati kama swala pala. Mabadiliko hayo yanachukua wiki mbili hadi tatu. Aliporudi Ujerumani, kwenye chuo kikuu cha Giessen, alilibeba wazo hili hadi kwenye misitu ya kwao. Kuna mnyama mdogo wa jamii ya kulungu huko anayeitwa Reh, na wawindaji walikuwa na desturi ya kumwekea nyasi kavu wakati wa baridi. Hofmann alisisitiza kwamba tumbo la Reh ni la mteuzi, na nyasi kavu si chakula chake.

Kwa afisa mifugo wetu somo ni la kila siku. Mfugaji anamtoa mbuzi porini leo, kesho anamjazia pumba na mahindi ili anenepe kwa sikukuu. Asidi inazalishwa kwa kasi kuliko ukuta ule unavyoweza kuinyonya, mnyama anavimba, anahara, anaweza kufa. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Agizo hilo liko kwenye kila mwongozo wa ulishaji, lakini sababu yake ni nadra kuandikwa.

Mpango: mwisho wa mwezi, mbuzi wakiwa wamekula machipukizi ya kutosha, narudi na dirisha langu la boksi kwenye sehemu zilezile za ukuta. Tatizo ni kwamba mbuzi wa machinjioni wanatoka minada tofauti, hivyo siwezi kulinganisha wa Februari na wa Aprili kama vile ni kundi moja. Mzee amesema atanisaidia kuwatenga wa mnada mmoja kwa kuangalia alama za masikio. Ameomba apewe nakala ya kijitabu kikitoka, na picha ya mbuzi iwe mbele ya ile ya ng'ombe.

Bado: ukurasa wa ngamia kusomwa na mtu anayewafuga, vipimo vya masika, na bei ya kuchapa rangi, ambayo mchapaji ameipandisha.